Nyoka Mdogo wa Chini ya Mchanga: Usimshike Hata Nyuma ya Kichwa

Katika nchi kavu, mtoto wa mfugaji hufundishwa mapema namna ya kumkabili nyoka. Huambiwa: mbane kichwa kwa fimbo, kisha umshike nyuma ya shingo, naye hataweza kukugeukia. Kanuni hii imewaokoa wengi mbele ya swila na kifutu, na hata wanaokamata nyoka kwa kazi huitegemea. Lakini yuko nyoka mmoja ambaye kwake kanuni hii haimkingi mtu, bali humtia katika hatari. Ni mdogo, mweusi, mwenye mwendo wa polepole juu ya ardhi, na macho yake ni madogo kiasi cha kutoonekana vizuri. Ukimshika nyuma ya kichwa, hukichoma kidole kilekile kilichomshika, bila hata kufumbua kinywa.

Ndugu msomaji, makala hii inamhusu nyoka huyo. Tumeona vema familia zetu zimjue, hasa zile zinazoishi Garissa, Wajir, Mandera, Tana River na maeneo mengine makavu ya Pembe ya Afrika, ambako watoto hulala juu ya mkeka na watu hutoka gizani kwenda kuswali Alfajiri. Kutomjua ndiko kunakomfanya awe wa hatari zaidi kuliko umbo lake.

Ni nyoka gani huyu?

Wataalamu wa viumbe humwita Atractaspis, jina alilolitoa Andrew Smith mwaka 1849. Si nyoka mmoja tu, bali ni ukoo wenye spishi takriban 20, wengi wao wakiwa barani Afrika na wachache katika nchi za Kiarabu. Baadhi huishi kwenye misitu na savana. Hapa tutazungumza zaidi juu ya wale wa nchi kavu, na kwa wepesi tutawaita nyoka wa chini ya mchanga.

Katika upande wetu, anayejulikana zaidi kwenye ukame ni Atractaspis fallax, anayepatikana Kenya, Somalia na Ethiopia. Ng'ambo ya bahari, nduguye Atractaspis andersonii anaishi Yemen, kusini-magharibi mwa Saudi Arabia na Dhofar nchini Oman. Mwingine, Atractaspis engaddensis, yuko katika majangwa ya Sinai, Jordan, kandokando ya Bahari ya Chumvi na magharibi mwa Saudi Arabia. Huyu wa mwisho tutamrudia, kwa sababu sumu yake ndiyo iliyochunguzwa kwa undani zaidi.

Kwa sura wote wanafanana. Wengi huwa na urefu wa kati ya sentimita 30 na 70. Rangi yao ni nyeusi au kahawia iliyokoza, na magamba yao ni laini yenye kung'aa. Kichwa ni kidogo na hakina shingo inayokitenga na mwili, kama kilivyo kichwa cha kifutu. Mkia ni mfupi na huishia kwenye ncha ndogo ngumu. Mtu asiyemjua humdhani kuwa nyoka kipofu, au mmoja wa nyoka wadogo wasio na madhara wanaoonekana mashambani baada ya mvua. Kosa hilo halijawapata watoto peke yao. Hata wataalamu wamewahi kumshika kwa mkono mtupu wakidhani ni nyoka mwingine.

Iko alama moja inayoweza kumtambulisha. Akiguswa au akizuiwa njia, mara nyingi huipinda shingo yake juu kama upinde na kuielekeza pua yake ardhini, kana kwamba anataka kutoboa sakafu. Nyoka mdogo mweusi anayefanya hivyo si wa kuchezewa.

Chonge zinazotokea pembeni

Nyoka wengi wenye sumu hufumbua kinywa wanapogonga. Huyu hafanyi hivyo, na hekima ya jambo hilo inaonekana mtu akizingatia maisha yake. Yeye huwinda ndani ya mashimo ya panya, chini ya ardhi, ambako hutafuta watoto wa panya waliomo kiotani. Hula pia mijusi na viumbe wengine wanaoishi ardhini. Ndani ya njia nyembamba kama ile hakuna nafasi ya kuinua kichwa na kufumbua taya.

Kwa hiyo Mwenyezi Mungu amemuumba na chonge mbili ndefu sana kulinganisha na kichwa chake, zenye tundu ndani kama sindano ya hospitali. Anaweza kuitoa chonge moja kwa pembeni, ikapita kando ya taya la chini, huku kinywa kikiwa karibu kimefumbwa. Kisha hukivuta kichwa nyuma na chini, na chonge humchoma kiumbe aliye ubavuni mwake. Kwa njia hii anaweza kupita ndani ya kiota akiwachoma watoto wa panya mmoja baada ya mwingine, kabla hajaanza kumla hata mmoja.

Sasa chukua maumbile hayo uyaweke mkononi mwa binadamu. Vidole viwili vimembana nyuma ya kichwa. Kinywa hakifumbuki, na mshikaji anaona ameshinda. Nyoka hutoa chonge pembeni, hupinda kichwa kidogo, na kidole huchomwa. Hakuna mahali pa kumshika kwa mkono ambapo ni salama. Hata kumbana kwa fimbo iliyo fupi ni hatari, kwa kuwa mwili wake huteleza na kujipinda kwa nguvu.

Kwa sababu ya chonge hizo ndefu, wataalamu wa zamani walimhesabu katika ukoo wa kifutu. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba si wa ukoo huo, na chonge zake ni maumbile yaliyotokea kwa njia nyingine. Jambo hili si la wasomi tu. Linamhusu mgonjwa moja kwa moja, kama tutakavyoona katika habari ya dawa.

Sumu inayobana mishipa ya moyo

Habari za watu waliogongwa na nyoka wa ukoo huu zimeandikwa kwa miaka mingi. Mwaka 1959 wataalamu watatu, N. L. Corkill, C. J. P. Ionides na C. R. S. Pitman, walichapisha makala kuhusu jambo hili katika jarida la tiba ya nchi za joto. Corkill alikuwa amefanya kazi Sudan na Pitman Uganda, naye Ionides alijulikana kusini mwa Tanganyika kwa kukamata nyoka. Kwa hiyo elimu ya nyoka huyu ina mizizi katika ardhi yetu wenyewe.

Mtu akigongwa, jambo la kwanza ni maumivu makali mahali pa jeraha, kisha uvimbe unaopanda. Ngozi huweza kubadilika rangi na kutoka malengelenge, na nyama ya mahali hapo huweza kufa. Wapo waliopoteza sehemu ya kidole kwa sababu hiyo. Baadhi ya wagonjwa hupata kichefuchefu, kutapika, kutokwa na jasho jingi na kupumua kwa shida. Waliogongwa wengi hupona, lakini vifo vimeandikwa katika spishi chache za ukoo huu, na vingine vimetokea kwa kasi iliyowashangaza madaktari.

Sababu ya kasi hiyo ilifahamika kwa kumchunguza yule nyoka wa Bahari ya Chumvi. Spishi yake ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1950 na Georg Haas, na ilipewa jina la chemchemi ya Ein Gedi iliyo kando ya bahari hiyo. Katika miaka ya 1980 Elazar Kochva na wenzake waliichambua sumu yake wakakuta ndani yake kemikali ndogo walizoziita sarafotoksini. Kemikali hizi huibana mishipa ya damu kwa nguvu, hususan ile inayoulisha moyo wenyewe. Moyo ukinyimwa damu hudhoofika, na mapigo yake huvurugika.

Hapo ndipo lilipojitokeza jambo la ajabu. Mwaka 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsukuba nchini Japani, miongoni mwao Masashi Yanagisawa na Tomoh Masaki, walitangaza kuwa wamegundua kemikali inayotengenezwa na utando wa ndani wa mishipa ya damu. Waliiita endothelini, na kazi yake ni kuibana mishipa. Kemikali hiyo ilipolinganishwa na sarafotoksini, ilionekana kwamba zinafanana mno: kila moja imeundwa kwa asidi amino 21, zilizofungwa kwa vifundo vya namna ileile. Nyoka anayeishi gizani chini ya mchanga amebeba katika tezi zake kitu kinachokaribiana kabisa na kile ambacho mwili wa binadamu hujitengenezea kwa kipimo kidogo mno ili kuendesha damu yake.

Tangu wakati huo sarafotoksini zimetumika maabara kuchunguza namna mishipa inavyobana na kulegea. Elimu ya endothelini nayo imezaa dawa. Ya kwanza katika aina yake, bosentani, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2001 kwa wagonjwa wenye shinikizo kubwa la damu katika mishipa ya mapafu. Dawa hiyo haitengenezwi kwa sumu ya nyoka, lakini inafanya kazi katika mlango uleule ambao sumu hii huupitia. Kiumbe tunayemponda kwa jiwe bila kufikiri ana sehemu katika elimu ambayo leo inawasaidia wagonjwa kupumua.

Kwa nini sindano ya sumu haimsaidii mgonjwa

Dawa ya kuzuia sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kumdunga mnyama, mara nyingi farasi, kiasi kidogo cha sumu ya nyoka fulani, kisha kuchukua kinga iliyotokea katika damu yake. Kinga hiyo huitambua sumu ya nyoka yule na jamaa zake wa karibu tu. Dawa zinazotumika katika hospitali za Afrika zimeandaliwa kwa ajili ya nyoka wanaoua watu wengi, kama vile kifutu, swila na koboko. Kwa kuwa nyoka wa chini ya mchanga si ndugu wa kifutu, dawa hizo haziizimi sumu yake.

Jambo hili lina matokeo mawili. La kwanza, mgonjwa akidungwa dawa hiyo bila sababu anaweza kupata madhara makubwa ya mzio bila kupata faida yoyote. Kwa hiyo familia isimlazimishe daktari kutoa sindano kwa kuwa tu imesikia neno nyoka. La pili, na hili ndilo linalopotoshwa mitaani, kukosekana kwa dawa maalumu si sababu ya kubaki nyumbani. Hospitali inaweza kutuliza maumivu, kupima mapigo na mwenendo wa moyo, kusaidia pumzi, kutibu kidonda na kumweka mgonjwa chini ya uangalizi. Mtu ambaye moyo wake umevurugwa na sumu hii huokolewa na huduma hizo, wala hapana mbadala wake nyumbani.

Nyoka akishagonga

Mtulize aliyegongwa na umwombe asitembee ovyo. Mvue pete, bangili, saa na kiatu upande uliogongwa kabla uvimbe haujapanda. Laza kiungo hicho bila kukitikisa, kama unavyofanya kwa mkono uliovunjika. Kisha tafuta usafiri mara moja.

Usifunge kamba ya kubana. Usichanje kwa wembe, usinyonye jeraha kwa mdomo, usimwagie mafuta ya taa, wala usipoteze saa nzima ukitafuta jiwe jeusi la kunyonya sumu. Yote haya huongeza kidonda na kupoteza muda. Usimfukuze nyoka ili umkamate. Ikiwa yupo mahali pa wazi, mpige picha kwa simu kutoka mbali, au kumbuka tu sifa zake: mweusi, laini, mwembamba, kichwa kisicho na shingo. Mweleze daktari sifa hizo, na umwambie pia saa ambayo mgonjwa aligongwa.

Wapo wanaouliza kuhusu kisomo. Kumsomea mgonjwa Qur'ani na kumwombea dua ni jambo jema lenye msingi katika dini yetu, na linaweza kufanyika ndani ya gari likielekea hospitali. Sheikh na daktari hawagombani. Kinachomdhuru mgonjwa ni kumngoja mmoja ndipo aendewe mwingine.

Nyumbani, msikitini na madrasani

Habari nyingi za waliogongwa na nyoka huyu zina sura tatu: mtu alimkanyaga usiku, au alikuwa amelala chini, au alimshika. Zote zinazuilika.

Nyoka huyu hutoka zaidi usiku, na huonekana juu ya ardhi kwa wingi mvua inaponyesha, kwa kuwa maji huingia katika mashimo yake. Kwa hiyo siku zinazofuata mvua za kwanza ndizo za kuchukua tahadhari kubwa. Tembea na tochi hata kama njia ni ya hatua 20. Vaa viatu vinavyofunika mguu, si kandambili, unapotoka kwenda chooni au msikitini kabla ya alfajiri. Kung'uta viatu vilivyolala nje kabla ya kuvivaa.

Anayeweza kulala juu ya kitanda, hata cha kamba, na alale hapo. Asiyekuwa nacho na atumie chandarua cha mbu kilichochomekwa vizuri chini ya mkeka au godoro pande zote. Chandarua hicho humzuia nyoka kama kinavyomzuia mbu. Na hapa tunalo fundisho tulilolisikia tangu tukiwa watoto. Katika hadithi sahihi iliyopokewa na Abu Huraira, Mtume (S.A.W.) alituelekeza kukikung'uta kitanda kabla ya kulala, kwa kuwa mtu hajui ni kitu gani kimeingia humo baada ya yeye kuondoka. Wengi tunaisoma hadithi hii kama adabu ya kulala. Katika nchi ya nyoka wa mchangani ni amri ya usalama, na mzazi anayemzoesha mtoto wake sunna hii kila usiku amempa ibada na kinga kwa pamoja.

Nyoka huyu hufuata panya, na panya hufuata nafaka. Hifadhi mahindi na mchele katika vyombo vyenye vifuniko, na uzibe mashimo yaliyo kando ya kuta. Rundo la mawe, matofali au kuni lisikae karibu na mlango. Atakayeliondoa asiingize mkono asikoona, bali atumie jembe au fimbo ndefu.

Kwa wenzangu wa kamati za misikiti nina neno moja. Vikao vyetu hujadili mikeka, vipaza sauti na bomba la maji, na hayo yote ni mambo ya lazima. Tuiweke pia katika ajenda njia inayotoka mahali pa kutawadhia hadi mlangoni. Je, ina taa? Je, wazee wanaokuja Alfajiri miguu mitupu baada ya udhu wanaona wanapokanyaga? Je, wanafunzi wa madrasa wanaolala bwenini wana vitanda, na kama hawana, wana vyandarua? Taa moja ya nishati ya jua na mzigo mmoja wa kifusi cha kusawazisha njia si gharama inayoshinda waumini wa mtaa mmoja.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Hatukusudii kuwatia watu hofu kwa ajili ya nyoka mmoja mdogo. Wanaouawa na nyoka duniani, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ni kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na wengi wao huuawa na nyoka wakubwa kuliko huyu. Shirika hilo liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 lilitangaza mpango wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Wanaoumia zaidi ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini.

Lakini kwa nyoka wengine wapo walinzi watatu: woga wa watu wanapowaona, kanuni ya kuwashika, na sindano ya hospitali. Nyoka wa chini ya mchanga amewapita wote watatu. Sura yake haimtishi mtu, kanuni ya kumshika haifanyi kazi kwake, na sindano haimhusu. Kinachobaki ni elimu ya kila nyumba.

Basi, mzazi, kabla ya watoto kulala usiku wa leo waambie maneno machache: nyoka mdogo ni nyoka, nyoka haokotwi hata akionekana amekufa, na yeyote atakayegongwa aseme palepale bila kuogopa kugombezwa. Kisha kung'uteni mikeka pamoja.

Wabillahi tawfiq.